Everything 1.4 au 1.5? Kutafuta barua za Kiswahili kwenye kompyuta za ofisi, Lamu

Chukua barua ya kawaida ya ofisi ya nyumba za wageni pale Shela: "Wakala hajalipa, tulimkumbusha, malipo yakaingia nusu." Ihifadhi kama docx, ngoja faharasa (index) ya Windows, yaani orodha ya maneno ya faili zako, imalize kazi yake, kisha tafuta neno lipa. Huipati. Tafuta hajalipa, inakuja papo hapo.

Kompyuta haina ubovu wowote. Faharasa ya Windows hupanga maneno kwa herufi ya kwanza, na ukiandika kipande cha neno huyaleta yanayoanza na kipande hicho. Kwa Mwingereza inatosha, kwani lugha yake hubadilisha neno mkiani. Sisi twabadilisha kichwani: hajalipa, wamelipa, tutalipana, kitanda, vitanda. Kuweka nyota mbele, yaani *lipa, husaidia kwenye majina ya faili tu. Ndani ya barua haisaidii. Kwa hiyo ukilinganisha programu za kutafuta, kasi iache kwanza. Uliza kama inaona katikati ya neno.

Everything, programu ya kutafuta faili ya voidtools, inaona. Toleo 1.4, ndilo lililoenea, husoma jedwali kuu la diski ya NTFS (mpangilio wa kawaida wa diski za Windows) badala ya kupita folda moja moja, na kwa desturi yake hutafuta kipande popote ndani ya jina la faili. Kwa hesabu za watengenezaji, faili 120,000 huingia kwa takriban sekunde moja na kula MB 14 za RAM. Faili milioni moja, dakika moja na MB 75. Kisakinishi ni kidogo, hata bando la siku linakitosha. Wakati wa kusakinisha kubali ile huduma ya Everything, Everything Service, la sivyo Windows itakuomba ruhusa ya msimamizi kila ukiifungua.

Kwa majina ya huku kwetu, alama mbili zitakufaa kuliko zote. Mstari wa wima maana yake "au": Shela|Shella huleta tahajia zote mbili, na kila ofisi ina zote mbili. Ya pili ni regex, njia ya kueleza tahajia kadhaa kwa mfano mmoja: regex:m[ou]ham+[ae]d hukusanya Mohamed, Mohammed, Muhammad na Muhamad kwa mpigo mmoja. Aliyewahi kutafuta mkataba wa mpangaji ambaye kila karani alimwandika kivyake ataelewa thamani yake.

Udhaifu wa 1.4 ni kwamba faharasa yake ni ya majina, tarehe na ukubwa. Kuna amri ya content: inayotafuta ndani ya faili, lakini hufungua faili moja baada ya nyingine wakati huohuo unaposubiri. Ukiiachia diski nzima, nenda kanywe chai. Ibane kwanza:

D:\Ofisi\ ext:docx;pdf dm:thismonth content:lip

Hapo inapitia docx na pdf za mwezi huu tu, ndani ya folda moja. Angalia nimeandika lip, sikuandika lipa, ili malipo na hajalipwa zipatikane pia.

Toleo 1.5 limeondoa kusubiri huko. Linaweza kuweka maandishi ya ndani ya faili kwenye faharasa, na bado likaona katikati ya neno. Kwa anayeandika Kiswahili, hiyo peke yake ndiyo sababu ya kuhama; rangi nyeusi ya dirisha na madoido mengine ni nakshi za mlango. Ila maandishi hayo hukaa kwenye RAM. Ukurasa uliojaa una herufi kama 2,500, kwa hiyo kurasa 10,000 ni kama MB 25. Hilo hata mashine ya GB 4 inalibeba. Linaloangusha mashine ni mtu kuruhusu kila faili ya diski C, pamoja na kumbukumbu za mfumo na faili za programu ambazo hakuna atakayezisoma maishani. Kwenye Tools, Options, Content, taja folda zako tu, na aina za faili zako tu: *.docx;*.xlsx;*.pdf;*.txt.

Kuhama kwenyewe hakulazimishi kuondoa 1.4. Matoleo ya majaribio yenye alama 1.5a huendesha shughuli zao kando, na faili zao za mipangilio hubeba alama hiyo, basi yote mawili yanaweza kukaa kwenye mashine moja bila kugombana. Anza kwa kunakili folda ya %APPDATA%\Everything kwenye flashi. Humo mna Everything.ini, na ukiwa umejitengenezea vichujio na alamisho utakuta pia Filters.csv na Bookmarks.csv. Pakua 1.5 ya zip, ifungue kwenye folda yake, iendeshe. Ongeza folda moja ya ofisi kwanza, iache imalize, ndipo uongeze ya pili.

Kisha ijaribu kwa folda ya mtihani. Faili 20 zinatosha: docx tano, pdf tano zilizochapwa, pdf tatu za skana, xlsx tatu, taarifa mbili za M-Pesa na picha mbili. Andika kwenye karatasi maneno sita ambayo unajua yamo, matatu yakiwa na viambishi mbele. Tafuta yote kwa programu ya zamani, halafu kwa mpya, uweke alama.

Kuna faili ambazo zitashindwa kwenye kila programu, na lawama si ya toleo. Taarifa ya M-Pesa huja imefungwa kwa nambari ya siri, na hakuna kifaharasishi kinachosoma pdf iliyofungwa. Ukiifungua na kuichapa upya kama pdf isiyo na siri itasomeka, lakini fikiria nani mwingine hutumia mashine hiyo. Pdf za skana nazo ni picha tu. Kwa hizo kuna ocrmypdf kwenye Linux, ikisaidiwa na Tesseract, programu inayosoma maandishi kwenye picha, ambayo ina data ya Kiswahili:

sudo apt install ocrmypdf tesseract-ocr-swa
ocrmypdf -l swa+eng mkataba.pdf mkataba-maandishi.pdf

Faili itakayotoka hutafutika kwa programu yoyote. Hati za mkono za khati ya Kiarabu zilizopigwa picha usipoteze muda nazo huko. Zipe majina mazuri na uziachie Everything.

Diski za nje ni mtego mwingine. Flashi na diski nyingi za nje ni FAT32 au exFAT, hazina lile jedwali la NTFS, hivyo Everything haizioni mpaka uziongeze chini ya Folders na kupanga zikaguliwe upya kila baada ya muda. Watu huchomeka diski ya picha za mashindano ya majahazi, hawaoni kitu, wakaamua toleo jipya ni bovu.

Walio kwenye Linux wana Recoll, programu ya kutafuta ndani ya faili. Inakubali nyota mbele, *lip*, ingawa huchelewa kwa kuwa inapitia orodha nzima ya maneno. Ina pia ufupishaji wa maneno kwa kanuni za Kiingereza, na hapo pana kichekesho: kanuni hiyo hukata -ed mwishoni, kwa hiyo mohamed na mohammed zote hubaki moham na hupatikana pamoja. Sharti uandike kwa herufi ndogo. Herufi kubwa mwanzoni huzima ufupishaji. Muhammad hubaki nje. Ukipandisha toleo la Recoll kisha matokeo yakawa ya ajabu, recollindex -z hufuta faharasa na kuiandika upya. DocFetcher, programu nyingine ya kutafuta ndani ya faili, nayo inafaa kwa kubeba kwenye flashi, ila faili kubwa huijaza kumbukumbu ya Java. Ikikulalamikia, tumia kizinduzi chenye kumbukumbu kubwa zaidi.

Windows yenyewe je? Windows 10 ilifika mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na usasishaji wa usalama wa nyongeza kwa watu binafsi unakoma tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 yataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kwa Intel, kizazi cha 8 kwenda mbele. Laptopu nyingi za mtumba zinazoletwa kutoka Mombasa ni za kabla ya hapo. Hata kwa mashine inayokubali, usihame kwa ajili ya kutafuta: faili ya faharasa imetoka Windows.edb ikawa Windows.db, lakini neno bado husomwa kuanzia kichwani. Microsoft wenyewe husema vitu vikizidi 400,000 mambo huanza kuzorota, na milioni moja ndio ukomo. Ukihama, faharasa huandikwa upya. Chomeka umeme, kwani ikiwa kwenye betri hupunguza mwendo.

Wakati wa kufanya yote haya ni mwezi wa tano. Mvua za masika zimeshika, kusi inavuma, hoteli nyingi zimefunga au zimebaki na vyumba vichache, na karani hana mgeni anayemsubiri mezani. Kubadilisha programu katikati ya kaskazi, Desemba au Januari, ni kujitafutia balaa. Tenga asubuhi moja kwa kila mashine, uyaache matoleo yote mawili kwa wiki mbili, na mtu aendelee kutumia alilozoea huku akijaribu jipya. Zikipita wiki mbili bila mtu kurudi kwenye 1.4, iondoe. Mashine ya GB 4 ambayo nyaraka zake karibu zote ni skana, iache na 1.4 yake.

Jambo la mwisho kabla ya kufunga dirisha la Options: hakikisha HTTP Server na ETP Server zimezimwa. Wi-Fi ya nyumba ya wageni hutumiwa na kila mgeni, na ukiwasha seva hiyo bila nenosiri, mgeni wa chumba cha juu anaweza kusoma orodha ya faili zako kutoka kwenye simu. Ukitaka kulala bila wasiwasi, 1.4 ina toleo la Lite lisilo na seva hizo kabisa.