Goti la Jaylon Smith na mguu wa mdogo wangu

Leo kliniki nimemsikia mgonjwa kabla sijamwona. Pa, pa, pa, unyayo unapiga sakafu kama ndala iliyokatika kamba. Kiatu chake cha kulia kimelika mbele, pale vidole vinapokwaruza chini. Neva (mshipa wa fahamu) inayopita pembeni mwa goti ikiumia, mtu hawezi kuinua ncha ya mguu, basi anakuwa ananyanyua goti juu kama anapanda ngazi zisizokuwepo. Kila nikiuona mguu wa namna hiyo namkumbuka Jaylon Smith, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, na leo nimerudi nyumbani naye kichwani.

Nimeishi Dallas miaka mingi kiasi kwamba Cowboys, timu ya hapa ya mpira huo, imekuwa timu yangu. Kwetu drafti ni ule mchezo wa vizibo vya soda. Huku ni siku tatu za Aprili ambapo timu za NFL, ligi kuu ya mpira huo, huchagua vijana kutoka vyuo vikuu, raundi saba, na kwa kawaida iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayotangulia. Mwaka 2016 Cowboys walichagua wa nne na kumchukua Ezekiel Elliott. Kesho yake, Ijumaa tarehe 29, raundi ya pili, wakamtaja Smith akiwa wa 34.

Nilikasirika sana usiku ule. Tarehe 1 Januari, kwenye Fiesta Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Smith akiichezea Notre Dame dhidi ya Ohio State (ya Elliott huyohuyo), alisukumwa, mguu ukajipinda, ligamenti mbili (kano zinazoshikilia mifupa) za goti la kushoto zikachanika na neva ikavutika. Alikuwa na miaka 20, na alikuwa ndiye aliyepewa tuzo ya Butkus, ile ya lainibeka bora wa vyuo, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele. Bila goti lile, wengi walimweka kati ya watano wa kwanza. Mimi nilimtaka Myles Jack, lainibeka mwingine ambaye naye goti lake lilitia watu hofu. Jack akaenda Jacksonville, wa 36, akaanza kucheza msimu uleule.

Hasira yangu ilitokana na hesabu. Ligamenti inatengenezwa kwa upasuaji, miezi tisa au mwaka kijana anakimbia. Neva haifanyi haraka. Ikikatika ndani, inaota upya kwa milimita moja hivi kwa siku, ikiota. Kutoka Januari mosi hadi usiku ule ni siku 119, yaani sentimita kumi na mbili za matumaini. Madaktari wa timu walikuwa wamempima Indianapolis, kwenye ukaguzi wa vijana kabla ya drafti, na timu kadhaa zikaamua kutomgusa kabisa. Ila daktari wa Cowboys, Dan Cooper, ndiye aliyempasua. Wengine walimpima kwa nje, yeye aliiona neva yenyewe kwa macho yake. Jambo hilo sikulipa uzito unaostahili, na nakiri nilikosea.

Smith hakucheza hata mechi moja 2016. Mwaka 2017 akacheza zote 16 akiwa amefunga kifaa cha kushikilia kifundo. Nilikuwa natazama mguu wa kushoto tu, siangalii hata mpira uko wapi. Alikimbia mbele vizuri, lakini akitakiwa kugeuka ghafla alichelewa nusu hatua, na kwa lainibeka nusu hatua ni yadi kumi. 2018 kifaa kikawa kimetoka, akawa mchezaji mwingine kabisa. 2019 wakampa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 64, akaenda Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Oktoba 2021 wakamwacha. Kiwango kilishuka, na iliripotiwa pia kwamba mshahara wake wa 2022, dola milioni 9.2, ulikuwa na dhamana ya majeraha: angeumia, wangelazimika kulipa. Timu ile ile iliyomchukua akiwa hawezi kuinua vidole iliogopa asiumie tena. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo lilikuwa chaguo zuri? Kwa nafasi ya 34, misimu minne mizima ya lainibeka, nasema ndiyo. Ninachowalaumu Cowboys ni tabia ya kuona majeraha yote ni punguzo la bei. Walimchukua lainibeka Sean Lee 2010, goti. Bruce Carter 2011, goti. Halafu 2018, raundi ya kwanza, wa 19, wakamchukua lainibeka Leighton Vander Esch huku ikijulikana njia ya uti wa mgongo wake ni nyembamba shingoni. Msimu wa kwanza alikuwa moto. Januari 2020 akapasuliwa shingo, na Machi 2024 akastaafu akiwa na miaka 28. Goti lililochanika limeshaumia, unalisubiri lipone. Neva unaipa muda uone kama itaota. Shingo nyembamba haina cha kusubiri, inabaki vilevile na kila mgongano unaijia. Ningekuwa mezani kwao, Smith ningemkubali na Vander Esch ningemwacha apite, hata kama angenifanya nijute msimu mmoja.

Mdogo wangu alikanyagwa goti akicheza mpira Tanga. Hospitali waliyompeleka waliuona uvimbe, wakampa dawa za maumivu. Hakuna aliyemwambia ainue vidole tuone. Ni kipimo cha sekunde tano, hakihitaji mashine. Alipoanza kuburuza mguu walimwambia atazoea, na siku aliponiambia mimi, miaka miwili ilikuwa imepita na misuli ya mbele ya ugoko imenyauka.

Nimempigia jioni hii. "Kaka, viatu vinaniisha mguu mmoja tu," aliniambia. Nimemwomba apime unyayo kwa futi ya fundi cherehani, kisigino hadi kidole gumba, na upana wa kigimbi. Kifaa cha kifundo kinaingia kwenye begi la rafiki anayesafiri Jumamosi. Vipimo bado sijavipata.