Mwizi akiibiwa mtoto

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii tusome 1 Wafalme 3:16-28, ile kesi ya wanawake wawili waliomgombania mtoto mmoja mbele ya Mfalme Sulemani. Niliisoma nikiwa nimetoka kuangalia Pamilya Ordinaryo, movi ya Ufilipino ya mwaka 2016 ya Eduardo Roy Jr, na ikanisumbua sana.

Kuna binti wa miaka 16 anaitwa Jane na mwenzake Aries, watoto tu nao, wanalala barabarani Manila, wanavuta gundi, wanaishi kwa kuchomoa vitu vya watu, na wana kichanga cha mwezi mmoja. Siku moja Jane anafuatwa na mtu mwenye maneno matamu, eti twende supamaketi nikununulie nepi, kampokea mtoto, Jane kugeuka mtu hayupo na mtoto hayupo. Anakimbilia polisi, na huko badala ya kusaidiwa anadhalilishwa. Jamani!

Sasa wale wa Sulemani walikuwa makahaba, Biblia haifichi, hawana hata shahidi, mstari wa 18 unasema nyumbani walikuwa wawili tu. Wengi wetu tungewafukuza getini. Mfalme aliwasikiliza mpaka mwisho, halafu mstari wa 23 akarudia maneno ya kila mmoja, yani alikuwa anasikia kweli. Na upanga ulipoletwa ili mtoto akatwe vipande viwili wagawane, ni kahaba, mama yake mtoto, ndiye aliyelia mpeni huyu mwenzangu, msimwue. Sisi tukisikia binti wa mtaani kazaa swali la kwanza ni kwa nini kazaa, kama vile umaskini unaondoa uchungu wa mwana.

Januari 2015 hapohapo Manila, Chuo Kikuu cha Santo Tomas, binti wa miaka 12 aliyewahi kuishi mtaani alimuuliza Papa Fransisko kwa nini Mungu anaruhusu watoto wateseke na hawana kosa, akashindwa kumaliza kwa kulia. Papa akamkumbatia, akaiacha hotuba aliyoiandaa, akasema swali hilo halina jibu. Humu si wote Wakatoliki lakini hapo nampa heshima yake, hakumkimbizia mstari wa kumnyamazisha.

Basi tuwaombee watoto wa barabara za Manila, na hasa wale wenye watoto wao mgongoni. Na tumuombee askari aliyeko kaunta usiku, akiingia binti mchafu ananuka gundi akasema mwanangu kaibiwa, achukue kalamu aandike.