Siku moja maishani mwangu: chumba cha kuhariri filamu, Montreuil

Saa mbili asubuhi. Metro namba 9 imejaa, nashukia Croix de Chavaux. Mji huu wa pembezoni mwa Paris ndiko Georges Méliès, mmoja wa waasisi wa sinema, alikojenga studio yake ya vioo mwaka 1897, na watu wa filamu hawajauhama. Mimi ni msaidizi wa mhariri. Mama kule Buyenzi, Bujumbura, akiulizwa hujibu: "Yuko Ufaransa, anaangalia sinema." Hajakosea sana.

Saa tatu. Kazi ya punda: kuoanisha sauti na picha zilizopigwa jana. Unatafuta fremu, yaani ile picha moja tu, ambayo kibao kinachogongwa mbele ya kamera kimegongana, unaipachika pale pale sauti inaposema "pa!" Leo shoti moja, yaani kipande kilichopigwa mfululizo, haina kibao, walisahau. Nikautumia mlango unaobamizwa nyuma ya mwigizaji. Dakika arobaini zimeishia mlangoni.

Kila shoti naiweka kwenye chutier. Zamani hilo lilikuwa kapu la kitambaa, vipande vya filamu vikining'inia juu yake. Sasa ni folda ya kompyuta, jina limebaki. Mkusanyo wa kwanza wa filamu nzima nao huitwa ours, yaani dubu. Dubu wetu ana saa tatu na dakika kumi. Mwongozaji anataka moja na nusu.

Saa nne na nusu. Mhariri anaingia na kahawa. Hapa watu huitana kwa jina la kwanza tu. Ulimi wangu hugoma, moyoni namwita Mama. Tunakaa na onyesho moja: mwanamke anavua koti, anamtazama kaka yake, anatoka. Sekunde moja ni fremu 24. Mhariri anaondoa nane kwenye ule mtazamo: hasira. Anarudisha tano: huzuni. Mwigizaji yuleyule, shoti ileile! Nimeona hili mara nyingi na bado nywele hunisisimka.

Mchana, sandwichi. Mhariri ananisimulia habari za Cécile Decugis, aliyehariri filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Godard, ile ya mikato ya kurukaruka, picha ikiruka ghafla katikati ya onyesho, na aliyefungwa gerezani kwa kuwasaidia Waalgeria waliopigania uhuru. Mikato hiyo dunia nzima inaijua. Jina la aliyeshika mkasi, uliza upewe.

Saa tisa mwongozaji anafika, anatazama, anakuna kidevu. Anataka onyesho lirudi lilivyokuwa juzi. Nilijua; toleo la juzi nimelihifadhi. Analitazama mara mbili, kisha anaomba la leo.

Saa kumi na mbili jioni najaza daftari langu la saa. Sisi tunaofanya kazi kwa mikataba mifupi lazima tufikishe saa 507 ndani ya miezi 12 ndipo tulipwe fedha za kipindi kisicho na kazi. Nina 462. Mkataba huu utanivusha, filamu isipokatizwa.

Mama, yaani mhariri wangu, amekwisha vaa mkoba. Mlangoni anageuka: "Kwenye lile koti, ongeza fremu mbili."

Naongeza, nacheza. Mwanamke sasa anaonekana amechoka tu.