Nyumba chakavu Mtwara: nilivyoongea na wenyewe mpaka nikauziwa

Watu wananiuliza nilipataje nyumba Magomeni, hapahapa Mtwara mjini, bila dalali, tena mtaa ambao wote wanakwambia hakuna anayeuza. Kuuza wanauza, ila ukifika mlangoni na swali la "mnauza hii?" utajibiwa hapana hata na mtu ambaye jana usiku alikuwa anawaza kuuza. Mi hela ya nyumba nzuri sikuwa nayo, na viwanja vya pembeni huko mpaka uvute maji na umeme mfuko umeshatoboka, kwahiyo nikalenga zile nyumba za zamani, za miti na udongo au za tofali zilizochoka, bati limeoza, ukuta umefanya tumbo, ila ziko mahali pazuri.

Kitu nilichojiwekea ni kwamba ubovu wa nyumba siutaji. Mwenyewe analala humo, masika ikinyesha yeye ndo anahamisha kitanda usiku na kutega ndoo, sasa we mgeni unamwambia nini ambacho hakijui? Kuna dalali alimwambia bibi mmoja "hili gofu si bora ulitoe tu bibi yangu", bibi akanyanyuka akaingia ndani, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa unajua, yule jamaa hakukaribishwa tena pale hata maji ya kunywa. Mi nilikuwa nauliza habari za mahali penyewe, mwembe ule alipanda nani, kisima kilichimbwa lini, mpaka na jirani ni upi. Na naenda baada ya alasiri watu wamekaa barazani, naenda kwa mguu, maana ukishuka kwenye gari bei nayo inapanda gari.

Nilianzia Mikindani kwa kweli, mji wa kale wa pwani hapo jirani, zile nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zilinitoa udenda. Babu mmoja nilimpa shikamoo yake, tukanywa kahawa, akanipigia historia yote kwamba Livingstone alianzia safari yake hapa mwaka 1866, kwamba Boma la Mjerumani la 1895 lilikuwa limechoka vilevile na leo ni hoteli, halafu akamalizia "kwahiyo mjukuu wangu, na hii yangu itafika huko". Nyumba yenyewe ilikuwa imebaki kuta tatu na mti umeota sebuleni! Sikubisha, maana alichosema ni kweli tupu, ila nikajua bei yake itakuwa ya hoteli. Halafu Mikindani usikurupuke jamani, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, sasa ununue jengo la namna hiyo ubomoe uweke tofali za saruji uone utakachokutana nacho. Nikamuaga vizuri, mpaka leo tunasalimiana.

Suala la wakati wengi hawalitilii maanani. Kwetu huku hela inafuata korosho. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 7 watu wanahangaika na salfa ya kupulizia mikorosho na palizi, mifuko mikavu, na kipindi hicho ndo wajanja wanapita na pesa taslimu kununua viwanja kwa bei ya kutupa. Ukinunua hivyo utafurahi mwezi mmoja, mnada wa korosho ukianza hela ikirudi ndugu wanakaa kikao na kusema mzee wetu alidhulumiwa, na hapo kesi haiishi. Mama niliyekuja kununua kwake aliniambia mapema kabisa, "mwanangu, usije ukanifanyia kangomba ya nyumba", yaani kama wale wanaonunua korosho za mkulima mapema kwa bei ya kutupa akiwa na shida. Nikamwambia mama, mi sina haraka, tuongee ukishauza korosho zako. Kwa maoni yangu hapo ndo nilipopata nyumba, yale mengine yote yalikuwa ni kumalizia tu, maana alivyoona mtu anakataa kumnunua akiwa na shida ndo akaanza kunitafuta yeye mwenyewe.

Sasa kwenye nani anauza. Ukikuta mzee kakaa barazani usidhani ndo mwenye kauli. Huku kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, upande wa mama una nguvu sana, kuna mjomba yuko Newala au Masasi huko hujawahi kumuona na asipoulizwa hakuna kinachoendelea. Nilikuwa siulizi "nyumba ni ya nani", hilo swali linakaa kipolisi, nilikuwa nauliza "kwenye jambo kubwa kama hili mngependa nikamsalimie nani?" Hapo wanakutajia wenyewe, mjomba, dada mkubwa, mtoto aliyeko Dar. Huyo wa Dar ndo mgumu, nyumba hajaiona miaka ila kwenye simu anaipenda kuliko wote. Nikaomba tuweke simu sauti ya juu wote wasikie, aongee mpaka amalize, mi nimenyamaza.

Mume wa yule mama alishafariki na nyumba ilikuwa bado kwa jina lake, kwahiyo mama peke yake asingeweza kuuza hata kama anataka. Hili nalo unalisemaje bila kuonekana unamshuku mtu? Nilimwambia nataka asije akasumbuliwa na mtu baadae, akiwa na karatasi ya mahakama hakuna wa kumnyooshea kidole. Wakakaa kikao cha ukoo, wakaandika muhtasari, wakaenda mahakama ya mwanzo na mtoto wake mkubwa akateuliwa msimamizi wa mirathi. Ilichukua muda, nikavumilia. Na kwa wale ambao mume yupo hai, jueni Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja auze nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwahiyo mama akileta chai msalimie vizuri na umshirikishe, usiongee na baba tu.

Bei sasa. Mtwara kuna bei ya kawaida na kuna bei ya gesi. Ile miaka ya 2012, 2013, habari za gesi asilia zilipopamba moto, watu waliambiwa mji unakuwa Dubai, wakatajiwa mamilioni kwa kiwanja cha kulaza mbuzi wawili, na kuna wazee bado wameishika ile namba kichwani. Ukimwambia "bei hiyo ilishapita" umemwambia alichelewa, ni tusi hilo. Nilichofanya nilimuomba mama atume kijana wake aulize majirani waliouza karibuni walipata ngapi, akarudi na majibu yake mwenyewe, namba ikashuka bila mimi kufungua mdomo.

Tuliandikishana kwa mwanasheria, mwenyekiti wa mtaa akiwepo na mashahidi wa pande zote, hela ikapita benki. Mama akaomba aondoke na milango, ile ya mninga aliyoweka marehemu, na akae mpaka Ramadhani iishe. Nikakubali vyote. Msimamizi akataka na mabati, hayo yameoza lakini akasema atafunikia banda la kuku, nikamwambia chukua kaka, ila anishushie mwenyewe.

Waliokataa kuniuzia namba zao ninazo bado na wao wana yangu, mmoja kanipigia juzi, anamtafutia mpwa wake chumba cha kupanga.