Skolashipu ya bayosistimu: nilikuwa natafutia pesa mahali haipo

Watu wawili wameniuliza inboksi wiki hii vile nilipata wa kunilipia masta ya uhandisi wa bayosistimu, basi wacha niandike mara moja halafu niwe natuma linki tu.

Hii kosi yenyewe kuielezea ni kazi. Mjomba wangu mpaka leo anajua mimi ni fundi wa trekta, na simlaumu, trekta zimo, lakini pia kuna maji ya kunyunyizia mashamba, biogesi, grinihausi na kuhifadhi mavuno. Projekti yangu ya mwisho chuoni pale Juja, Kenya, ilikuwa draya ya sola ya kukausha mahindi hadi unyevu wa asilimia 13.5, juu ukiyaweka stoo yakiwa na maji kuvu inaingia na aflatoksini, ile sumu ya kuvu, ndio hiyo. Ilikausha poa sana, mpaka mvua ya Aprili ikaanza na mahindi yakaota ndani ya draya. Yakaota kabisa. Kumbukeni hayo mahindi.

Sasa, baada ya kugradueti nilipoteza karibu mwaka. Kila nikigugo skolashipu za hii kosi naletewa tuzo za ASABE, kile chama cha wahandisi wa kilimo cha Marekani kilichoanza 1907, nikaona ni hapa hapa, nikakesha naandika insha, nikasumbua lekchara wangu aniandikie barua, halafu ndio nikasoma masharti (ndio, baada ya insha, chekeni tu): lazima uwe mwanafunzi wa digrii ya kwanza kwenye programu yenye ithibati ya huko Marekani ama Kanada. Mimi niko Juja na digrii nishamaliza!

Yaani tuzo nyingi za aina hiyo ni za kumwongezea mtu ambaye tayari yuko darasani. Kwa masta na PhD za uhandisi huko, mara nyingi kinachokulipia karo ni kazi. Profesa ana mradi wenye hela, anakuchukua kama msaidizi wa utafiti, karo inashughulikiwa na kila mwezi unapata posho ya kula na kulipa rent. Nafasi kama hizo nyingi hutaziona kwa zile listi za skolashipu 100 za kuaplai, unamwandikia profesa mwenyewe.

Nikaandikia kama 40, imeli moja nimekopi na kupesti, "mimi ni mchapakazi mwenye bidii". Kimya. Siku moja nikakaa nikasoma utafiti wa mmoja wao wa kukausha nafaka, nikamwandikia mistari nane, nikamuuliza vile anapitisha hewa na nikamwambia ukweli kwamba yangu iliota mahindi. Alijibu baada ya siku mbili, na swali lake la kwanza lilikuwa unyevu ulikuwa ngapi usiku ule wa mvua. Bahati nzuri nilikuwa nimeandika, na huyo ndiye alinichukua.

Fulbright, skolashipu ya serikali ya Marekani, pia iko, inalipa vizuri, ila ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili. Na kama hutaki kutoka Afrika angalia DAAD, shirika la Ujerumani la skolashipu, ile yao ya kusomea huku huku, lakini digrii yako isiwe imepitisha miaka sita.

Nyinyi wawili wa inboksi, nitumieni imeli zenu kabla hamjamtumia mtu. Nikiona neno mchapakazi narudisha.