Uzi juu ya mpira

Mwaka 2016 nilisafiri kutoka London kwenda Los Angeles. Wiki moja kabla nilikuwa nimeipima safari hiyo kwa rula kwenye ramani ya ukutani: mstari ulinyooka kukatiza Atlantiki, ukapita juu ya New York, kisha ukavuka Marekani hadi Pasifiki. Kwa hiyo tulipopaa kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, London, saa sita mchana, nilikaa dirishani nikingojea bahari tupu.

Baada ya saa tatu na kitu nikaona milima myeupe, na barafu iliyotanda hadi upeo wa macho. Ilikuwa Greenland. Mama mmoja aliyekaa na mjukuu wake kati yetu aliinama kutazama kioo cha ramani ya safari kilichokuwa mbele yake, ambako alama ya ndege ilikuwa imeelekea juu kabisa.

"Mwanangu, rubani hajapotea kweli? Mbona tumekuja kaskazini?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu rula yangu nayo ilisema kama yeye. Kisha nikauona mpira wa yule mtoto. Nikamwomba mama uzi mmoja wa pindo la mtandio wake, nikatia alama mbili za kalamu kwenye mpira, London na Los Angeles, nikauvuta uzi kati ya alama hizo. Uzi haukukubali kukaa pale nilipotaka. Kila nilipoukaza uliteleza kwenda juu, hadi ukatulia mahali ambapo Greenland ingekuwa.

Ramani bapa nyingi hutanua nchi za kaskazini. Baadhi huchora Greenland ikikaribia ukubwa wa Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Ndiyo maana njia iliyo fupi kuliko zote juu ya dunia ya duara huonekana imepinda kwenye ramani. Kwa uzi ule ndipo nilipoziamini kilomita 8,780 hivi zilizopo kati ya viwanja vile viwili.

Saa zilinisumbua zaidi. Ndege kubwa huenda karibu kilomita 900 kwa saa, nami nilikuwa nimegawanya tu nikapata chini ya saa kumi. Lakini kioo kilionyesha 790: upepo wa juu, uvumao kutoka magharibi, ulikuwa unatupiga usoni. Tulitumia saa 11. Wiki tatu baadaye nilirudi kwa muda mfupi zaidi, upepo uleule ukitusukuma mgongoni.

Na jua halikuzama. Tulilifuata kutwa nzima, na tulipotua saa yangu ya mkono ilisema saa tano usiku, ilhali nje ilikuwa saa tisa alasiri.

Kwenye mlango wa kutokea, binti wa yule mama alimkumbatia, akamuuliza kama amechoka. Mama hakujibu hilo. Aliuchukua mpira kwa mjukuu, akautoa uzi mkobani, akasema, "Kwanza shika hapa, nikuonyeshe tulikopita."