Namba mbili za binti yangu: 96 na 88

Mwalimu aliniambia binti yangu "ameshuka akili" na afaa kuhamishiwa darasa maalum. Bado nina hasira. Mwaka jana kipimo cha akili (IQ) cha Kaufman kilimpa 96. Mwaka huu kliniki nyingine hapa Kisumu ikatumia cha Wechsler, akapata 88. Shangazi yake naye akadai ni ile malaria ya ubongo aliyougua akiwa na miaka mitano imerudi kumla kichwa. Nililia kuanzia shuleni hadi steji ya Kondele.

Nikang'ang'ania apimwe tena kipimo kile kile cha Wechsler, baada ya wiki tatu tu. Mpimaji alinionya, nikakataa kusikia, nikalipa kama elfu nane. Akapata 95! Nilipiga vigelegele pale pale mapokezini. Mpimaji akamwita mtoto, akamuuliza kwa upole mbona safari hii alikuwa mwepesi hivyo. "Zile bloku za kupanga ruwaza? Nilikuwa nazipanga kichwani nikilala." Kwa hiyo ile 95 ilikuwa ya mazoezi, haikunijibu lolote.

Usiku huo nikachukua karatasi ya miraba ya daftari lake la hesabu, nikachora mstari kutoka 70 hadi 110. Ripoti zote mbili zilikuwa na kiwango cha makosa, yaani alama halisi yaweza kuwa juu au chini kwa karibu alama sita kila upande, ambacho hakuna aliyenisomea. Nikapaka 96 rangi ya bluu, kuanzia 90 hadi 102. Nikapaka 88 nyekundu, kuanzia 82 hadi 94. Rangi zikapandana! Na wastani wa watoto kwenye vipimo hivi ni 100, watoto wawili kati ya watatu wakiangukia kati ya 85 na 115. Binti yangu yumo, mara zote mbili.

Kisha nikadai alama za vipengele, yaani sehemu ndogo za kile kipimo cha Wechsler, ambavyo wastani wake ni 10. Maana ya maneno ya Kiingereza: 7, na sisi nyumbani tunaongea Kijaluo. Kunakili vichoro vidogo kwa kasi: 5. Jumla aliyopewa kwa Kaufman haikuhesabu msamiati, wala haikubana sana muda. Aliulizwa mambo tofauti, basi. Mzazi, usikubali jumla peke yake, omba ukurasa wa vipengele.

Ile 5 sikuipuuza, maana kazi ya nyumbani humfikisha saa nne usiku. Nilimpelekea mwalimu karatasi yangu ya rangi. Aliitazama kimya, kisha akakubali kumwongezea dakika kumi kwenye mitihani. Ijumaa iliyopita alimaliza maswali yote ishirini.